Si Kila AC Isiyopoza Imeishiwa Gesi

Kaskazi ikishashika vizuri hapa Malindi, kuanzia Desemba mpaka Machi, simu yangu haitulii. Na karibu kila anayepiga huanza na maneno yaleyale: "Fundi, AC imeisha gesi, njoo uniongezee." Hakuna anayesema AC haipozi, njoo uitazame. Ameshajipima ugonjwa, ameshajiandikia dawa, kilichobaki ni mimi kupanda bodaboda na silinda.

Siwalaumu. Wamezoeshwa hivyo na mafundi wa haraka, kwa sababu kuongeza gesi ni kazi ya muda mfupi, inalipa, na mashine hupoza angalau mpaka fundi awe ameshafika kwake.

Gesi ya AC hailiwi. Si mtungi wa jikoni unaopikia mpaka moto ukazimika. Imefungiwa ndani ya paipu, inazunguka: inabeba joto la chumbani, inalitua nje, inarudi kuchukua jingine. Mashine iliyofungwa sawasawa inaweza kufa kwa uzee ikiwa bado na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inapotokea, na anayekuongezea bila kupatafuta anakuuzia gesi itakayotoka palepale.

Kwa hivyo mimi nikiingia nyumba ya mtu siteremshi geji ya kupimia gesi kwanza. Naomba kiti.

Nasimama juu ya kiti, nafungua kifuniko cha mashine ya ndani, nachomoa filta. Mama mmoja wa Maweni aliniita akiwa na uhakika wake kamili. Chumba kilikuwa cha moto, lakini mashine ilikuwa inatoa ubaridi kidogo tu kwa chini, na koili, yale mapaipu ya ndani yanayopozea hewa, ilikuwa nyeupe kwa barafu kutoka upande huu mpaka huu.

"Mwanangu, barafu yote hiyo na mimi natoka jasho. Hii si kazi ya watu hii."

"Ni kazi ya vumbi, mama."

Nikamwonyesha filta. Haikuwa tena na matundu. Ilikuwa na blanketi la kijivu: vumbi la barabara, nyuzi za shuka, manyoya ya paka, na juu yake mafuta ya jikoni, maana mlango wa chumba unatazamana na jiko analokaangia. Hewa ya chumba haipiti hapo. Koili inayotakiwa kukaa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri inashuka chini ya sifuri, unyevu wa hewa unagandia juu yake, barafu inaziba kidogo kilichokuwa kinapita, na mashine inazidi kujigandisha huku mwenye nyumba akizidi kuteremsha rimoti: 20, 18, 16.

Dawa yake haina gharama. Zima ubaridi, acha feni peke yake izunguke mpaka barafu yote iyeyuke, weka ndoo. Usichokoe kwa kisu wala bisibisi, koili ni nyembamba na ukiitoboa ndipo gesi itakapoisha kweli. Osha filta kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, ianike kivulini, irudishe ikiwa kavu. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Nyumba nyingine mara moja kwa mwezi inatosha.

Barafu hata hivyo haithibitishi kitu peke yake, kwa sababu gesi ikipungua nayo huleta barafu. Tofauti naitazama mahali ilipo. Hewa ikizibwa, barafu husambaa koili nzima mpaka kwenye paipu nene. Gesi ikipungua, mara nyingi huanza kwenye kipande kimoja tu cha koili, pale gesi inapoingilia, na kwingine kote koili ni kavu na vuguvugu.

Kuna kipimo kingine ambacho yeyote anaweza kukifanya kabla ya kunipigia. Tafuta kipimajoto, hata kile cha bei rahisi. Pima hewa inayoingia juu ya mashine, kisha ile inayotoka mdomoni, baada ya kuiacha ifanye kazi kama robo saa. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni afya. Kama chumba kina 30 na mdomoni inatoka 20, mashine yako ni nzima na tatizo liko chumbani: dirisha haliingii fremu, dari ni mabati matupu, au umenunua mashine ya chumba cha watoto ukaitundika sebuleni. Kisha nenda nje utazame ile paipu ya maji. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, na AC inayofanya kazi lazima itokwe na maji. Ikidondosha nje, vizuri. Ikidondosha ndani ukutani, mfereji wake umeziba. Isipodondosha popote, hapo ndipo nami naanza kuishuku gesi au kompresa, ile pampu ya nje inayosukuma gesi.

Mfereji ukiziba ni kazi chafu lakini nyepesi. Ndani ya ile paipu huota ute mweusi, nyigu huijengea udongo kwa upande wa nje, na mara nyingine fundi aliyefunga aliipandisha mlima katikati kana kwamba maji hupanda ngazi. Naivuta kwa mashine ya kufyonza maji upande wa nje, namimina kikombe cha maji yenye siki kidogo kwenye trei, naangalia yakitoka. Kama paipu imekaa vibaya, nairekebisha iteremke mwanzo hadi mwisho. Mwenye nyumba hulipia kupaka rangi ukuta kila mwaka kabla ya kulipia hilo.

Sasa nje, ambako ndiko kunakoniuma.

Bahari ni neema yetu na ndiyo inayokula AC zetu. Kaskazi inatoka baharini, kusi inatoka baharini, na kusi ndiyo inakuja na nguvu ikirusha chumvi mpaka ndani ya ua. Zile bati nyembamba za alumini nyuma ya mashine ya nje, nyumba zilizo karibu na ufuo upande wa Silversand au Casuarina, nimezikuta zimekuwa unga. Unagusa kwa kidole, zinamwagika. Paipu za shaba bado zipo, lakini hakuna tena kitu cha kutawanya joto, kwa hivyo shinikizo linapanda, kompresa inachemka, inajizima, inapoa, inajaribu tena. Mwenye nyumba anasema inapoza asubuhi na kukataa mchana. Bila shaka, mchana ndipo nje kunakuwa na joto la kutosha kuishinda.

Dawa ya chumvi ni maji baridi na uvumilivu. Zima breka ya umeme, kisha mwagia kwa mpira wa bustani, polepole, toka juu kwenda chini, kila mwezi kama uko ufuoni. Mashine ya kuoshea magari usiilete, inalaza zile bati zote. Na hapa niseme jambo ambalo watunza nyumba wengi hawalifikirii: maji gani? Nilimkuta kijana mmoja mchapakazi akiosha mashine ya nje kila Ijumaa bila kukosa, na bado ilikuwa inaoza kuliko ya jirani. Alikuwa anaosha kwa maji ya kisima cha pale uani. Nikamwambia aonje. Visima vya karibu na ufuo ni vya magadi na chumvi, kwa hivyo alikuwa anaiongezea kile alichodhani anakitoa. Tumia ya mfereji, au ya mvua.

Lamu tatizo la nje lina sura nyingine. Niliitwa nyumba moja ya Langoni, nyumba ya mawe ya zamani hasa, kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu. Silinda na pampu vilitoka gati juu ya punda, maana gari hapo halipiti. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mwenye nyumba hakutaka mashine ionekane kwa nje, jambo ambalo namuunga mkono. Basi fundi wa kwanza akaiweka ndani ya kiwanda, ile nafasi ya wazi katikati ya nyumba, ikitazama ukuta kwa karibu mno. Juu wakaifunika na makuti ili isiharibu sura.

Saa nne asubuhi ilikuwa inapoza vizuri sana. Adhuhuri imekufa. Gesi ilikuwa imeshaongezwa na mafundi wengine, na sasa ilikuwa imezidi, ambayo ni hitilafu juu ya hitilafu. Nikasimama pale kiwandani mashine ikiwaka: hewa ya moto inatoka, inagonga ukuta, inapanda, inakutana na makuti, inarudi nyuma, mashine inaivuta tena. Ilikuwa inapumua pumzi yake mwenyewe. Nikaitoa ile gesi, nikaipima upya kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao chake, na mashine ikapandishwa juu ya paa nyuma ya kizuizi cha ukuta, uso wake wazi, kivuli juu yake lakini kwa mbali. Kwa chumba chenyewe nilimwambia ukweli: nyumba ya Lamu ilijengwa ipitishe upepo, na milango yake ya mbao na matundu ya juu yanafanya kazi hiyo mpaka leo. Chagua, ama uzibe chumba kimoja cha kulala ukipoze, ama ufungue kila kitu ununue feni. Vyote pamoja ni kulipia tokeni za kupoza mtaa.

Stima nayo. Kwa karatasi tunapata volti 240. Jioni, wageni wamejaa na kila nyumba imewasha, nimepima chini ya 200 kwenye soketi za nyumba zilizo mwisho wa laini. Kompresa ya kawaida ikijaribu kuanza kwa volti hizo inavuma, inavuta umeme mwingi, breka inaruka. Kisha stima hupotea na kurudi, kupotea na kurudi. Weka kifaa cha kulinda volti, na kiwe cha ukubwa wa AC, si kile kidogo cha friji cha kuchomeka soketini. Na stima ikirudi, usigombane na rimoti. Mashine nyingi husubiri kama dakika 3 kabla ya kuwasha kompresa, ili shinikizo litulie kwanza. Watu wengi wamenipigia ndani ya dakika hizo tatu.

Mashine ya nje ikivuma tu, feni haizunguki au kompresa haishiki, kwa zile zisizo za inveta (inveta ni zile zinazobadilisha kasi ya kompresa) mshukiwa wangu wa kwanza ni kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme wa kuisaidia mota ianze. Imeandikwa 35 mikrofaradi, mita inasoma 22: imekwisha, weka nyingine ya kipimo kilekile. Ni kipuri cha bei ndogo sana, na nimeona watu wakiambiwa wanunue kompresa nzima kwa sababu yake. Lakini usiiguse wewe. Kapasita hubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa, na bodi za umeme za inveta zina kapasita zake zinazobaki na zaidi ya volti 300 kwa dakika kadhaa. Kuchungulia ndani ya kifuniko cha nje si kazi ya mwenye nyumba.

Nikifungua mimi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mjusi kafiri. Sitanii. Anapenda joto la bodi usiku, anakanyaga sehemu mbili kwa wakati mmoja, anakauka hapohapo na kuua bodi pamoja naye. Sisimizi nao hujazana kwenye kontakta, swichi inayowasha kompresa, mpaka vichwa vyake visigusane. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni, ni mchezo wa dakika mbili.

Taa za mashine ya ndani zikimetameta, au zikaandika E na tarakimu, piga picha unitumie kabla hujazima. Kila kampuni ina maana zake, E1 ya huyu si E1 ya yule, na mtu anayekutajia hitilafu kwa simu bila kujua mashine ni ya nani anabahatisha. Mara nyingi huwa ni sensa ya joto, kale kapunje keusi kwenye waya mwembamba. Nakachomoa, nakaunganisha na mita ya omu, nakafumbata kiganjani. Tarakimu ikianza kushuka taratibu kadiri mkono unavyokapasha, ni kazima. Ikiganda palepale, au ikaruka ovyo, nimepata mwizi.

Na kabla ya yote hayo, tazama rimoti. Mashine nyingi siku hizi zinapoza na kupasha, na mgeni akibonyeza mpaka ikatokea alama ya jua, chumba cha Malindi mwezi wa pili kinageuka tanuri. Inatakiwa alama ya theluji.

Hiyo ya kupasha ndiyo iliyonifanya nikawa fundi wa Ulaya bila pasipoti. Shemeji yangu anaishi Birmingham, na nyumba yao imetolewa boila ya gesi ikawekwa pampu ya joto. Usiku mmoja wa Januari akanitumia video: mashine ya nje nyeupe kwa barafu, feni imesimama, halafu moshi mzito unapanda.

"Shemeji, inaungua!"

Haikuwa inaungua. Ni AC ileile niliyozoea, imegeuzwa: inachota joto la nje, hata nje kukiwa karibu na sifuri, inaliingiza ndani. Kwa hiyo koili inayokuwa baridi ni ya nje, na kwenye hewa yenye unyevu lazima ishike barafu. Mashine ikiona imezidi, vali inageuza mzunguko kwa dakika chache, inapasha koili ya nje, barafu inayeyuka, na ule "moshi" ni mvuke. Nikamwambia asubiri kama dakika kumi anitumie video nyingine. Ilikuja, koili safi, feni inazunguka. Barafu isingeyeyuka, ikajenga donge siku nzima, hapo tungezungumza habari nyingine: majani yamejaa nyuma ya koili, sensa imeharibika, au gesi imepungua, na huko lazima aite fundi mwenye cheti. Aangalie pia maji ya kuyeyuka yanakwenda wapi, maana yakiganda chini ya mashine hupanda mpaka kwenye feni.

Malalamiko yake ya pili yalikuwa kwamba redieta za kupashia vyumba ni vuguvugu tu. Ndivyo zinavyotakiwa. Boila ilikuwa inapeleka maji ya nyuzi 60 au 70 kwa muda mfupi, pampu inapeleka ya 35 hadi 45 kutwa kucha, na ndivyo inavyoweza kutoa uniti kama tatu za joto kwa uniti moja ya stima. Anayeizima asubuhi na kuiwasha jioni akitaka moto wa ghafla anaikosesha faida hiyo. Nikamwambia atazame geji ya maji, iwe kati ya bari 1 na 2, na filta ya kwenye paipu ya kurudi isafishwe, kwa sababu tope la redieta kuukuu huishia hapo. Ilikuwa filta. Huku filta, kule filta.

Sasa, kama umeshapita yote hayo na mashine bado haipozi, haya, gesi. Lakini mtazame fundi wako anavyoanza. Atafute alama ya mafuta kwenye nati za pale paipu zinapoungana, maana gesi inatoka na mafuta ya kompresa. Apake povu la sabuni. Kama haoni kitu, ajaze naitrojeni aone geji inashuka au la. Akishaziba, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, sio kusukuma hewa kwa kufungulia gesi ipulize nje, kwa sababu unyevu ukibaki ndani huharibu mafuta, na mafuta ya mashine za R410A na R32, aina za gesi za siku hizi, hunywa unyevu upesi mno. Halafu apime kwa mizani kile kibao kilichosema. Asiye na mizani anakisia.

Aulize pia ni gesi gani. R410A ina shinikizo kubwa kuliko R22, gesi ya mashine za zamani, kwa zaidi ya nusu, na kuchanganya ni kuua kompresa. R22 yenyewe inaondoka: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda ozoni, nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. R32 ni nafuu kwa dunia, kilo moja ikivujia hewani ni kama kilo 675 za hewa ya ukaa, wakati R410A inapita 2,000. Lakini R32 inashika moto kwa kiasi fulani. Ukimwona mtu anachomea paipu kabla ya kuitoa gesi yote, toka chumbani na watoto wako.

Kama bati za nje zimekuwa unga na mashine ni ya R22, usinitumie pesa ya gesi. Nunua nyingine, uliza ambayo koili yake ya nje imepakwa kinga ya chumvi, na ifungwe upande wa nyumba usiotazama bahari. Paipu za zamani zilizo ukutani usikubali zitumiwe tena hivihivi hata ukiambiwa ni nzima. Zimebaki na mafuta ya ile mashine ya kwanza, na hayaelewani na ya mpya.